Karibu, Ukurasa Bado Unajengwa

Machi 9
Wiki hii nimepokea wageni mia mbili na kumi na saba. Narudia kwa faida ya anayesinzia: mia mbili na kumi na saba. Nionyesheni mkubwa gani hapa mjini anayepokea umati huo bila kuwapa hata maji ya kunywa. Kidude cha kuhesabu wageni kimesema chenyewe, kwa namba nyekundu zinazong'aa, na mashine haina undugu na mtu.

Haya, basi. Kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe ni kujitekenya na kucheka. Wageni wote ni mimi. Kila nikifungua ukurasa, kidude kinaongeza mmoja, na mimi huufungua kama mtu mwenye njaa anavyofunua sufuria ya maharage, akidhani kufunua ndiko kunakoyaivisha.

Nijieleze. Mimi ni mchora vibao, au niseme nilikuwa. Nusu ya mtaa huu ilijifunza kusoma kwa mkono wangu: duka la dawa, kinyozi, USIKOJOE HAPA. Wananiita Mzee Brashi. Shule niliishia darasa la tano, la sita nililiona dirishani. Siku hizi vibao hutoka kwenye mashine, vinafanana kama sare za askari, na kazi iliyonibakia ni kukaa mlangoni kuvitafutia makosa.

Zamani, intaneti ikiwa bado changa, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia kabla haijafunguka, nilikuwa na ukurasa wangu. Nyuma zambarau yenye nyota. Juu jina langu kwa herufi zinazowaka moto. Kushoto kijitu chenye koleo, kinachimba usiku na mchana hakichoki, na chini yake maneno: UKURASA BADO UNAJENGWA. Chini kabisa kitabu cha wageni, ambamo kila aliyepita aliandika neno. Na muziki ulioanza wenyewe, hata kama hukuuomba, hata kama uko msibani. Halafu kampuni iliyokuwa ikituhifadhi kurasa zetu bure ikafunga, ikafagia kila kitu. Nilikuwa kama mtu aliyetoka safari akakuta nyumba yake imekuwa uwanja.

Sasa naujenga upya, ule ule. Anayenisaidia ni Mama Fotokopi, mwenye duka la kunakili karatasi pale kona. Miaka ile duka hilo lilikuwa intaneti kafe na yeye ndiye msichana aliyetufundisha sote kushika panya wa kompyuta. Sasa ni mama wa watu, ana miwani na ulimi wa wembe. Malipo yake: nimpakie rangi upya kibao chake.

Machi 11
Mvua. Mgeni mmoja. Ni mimi.

Machi 15
Mama Fotokopi ameniuliza leo, bila kuinua kichwa kwenye mashine yake, "Mzee, hivi haya yote ni kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia, "Kwa ajili ya mashabiki wangu." Akacheka puani. Nilikuja nyumbani na swali lake mfukoni.

Jibu ni hili. Kurasa za zamani zilikuwa na ujirani. Ukimaliza kwangu, chini kulikuwa na mshale: bonyeza, uende kwa jirani. Jirani yangu wa kulia aliitwa Bibi Kasuku, kwa sababu ukurasa wake wote ulihusu kasuku wake, alichokula, alichosusa na matusi aliyojifunza. Sikuwahi kumwona. Sijui sura yake, sijui nchi yake, sijui jina alilopewa na wazazi wake. Lakini kila Jumamosi nilimwandikia kwenye kitabu chake na yeye akaniandikia kwenye changu, tukarushiana madongo mpaka kafe nzima ikawa inasoma. Mke wangu, ambaye wote tulimwita Mama, alisimama nyuma ya kiti akinipa maneno. "Mwambie hivi," alisema, na likitoka hapo ni dongo ambalo mimi peke yangu nisingelifinyanga. Bibi Kasuku aliyatambua mara moja. Alikuwa akijibu: hilo si lako, hilo ni la Mama.

Mke wangu alifariki mwaka jana kabla mvua hazijaanza. Watu wote ninaowajua wameshaambiwa, wameshalia, wameshanipa pole na wamerudi kwenye shughuli zao. Nikimtaja sasa wanainamisha macho kutazama saa. Amebaki mtu mmoja duniani ambaye hajaambiwa, naye ni Bibi Kasuku. Nataka nimwambie mimi. Nataka hata mtu mmoja aipokee habari hii ikiwa bado ya moto.

Naye hana njia ya kunijua ila kwa sura ya ukurasa. Ndiyo maana lazima ufanane na ule. Ukibadilika ataupita kama unavyoipita nyumba ya rafiki iliyopakwa rangi mpya.

Machi 16
Paa linavuja juu ya kitanda, upande wa Mama. Nimeweka ndoo palepale alipokuwa akilaza kichwa. Ndoo haikoromi, hilo nalo ni nafuu.

Machi 22
Leo tumegombana siku nzima, na imekuwa siku nzuri.

Mama Fotokopi: "Mzee, siku hizi watu wanataka ukurasa mweupe, maneno machache, nafasi ya kupumua."

"Wakitaka kupumua waende kitengo cha kifua."

Alicheka mpaka akazibana karatasi za mteja kichwa chini miguu juu.

Nimemkatalia pia herufi za kompyuta. Herufi za kompyuta hazina mkono. Nimechora maneno yote kwa brashi, kadi baada ya kadi: KARIBU, HISTORIA YANGU (iliyopambwa), VICHEKESHO VITATU, RUDI TENA. Hata aya nzima nimeichora neno kwa neno. Yeye anazilaza kwenye skana, mwanga unapita chini yake, na kazi yangu inatokea upande wa pili imetulia kwenye kioo. Nimeona mengi, lakini kuona alama ya unywele wa brashi yangu ndani ya kompyuta kumenifanya nitafute leso.

Halafu nikamwambia picha yangu isije yote kwa mpigo. Ishuke polepole kama zamani, kwanza paji la uso, halafu macho, halafu masharubu.

"Miaka yote naomba mtandao uwe na kasi," akasema, "na wewe unataka niutie breki?"

"Kitu usichokisubiri hukioni."

Akabofya, akakosea, akabofya tena. Mwishowe nikashuka kwenye kioo mstari kwa mstari kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo.

"Pale kafe mlikuwa mnabanana wanne kwenye kiti kimoja," akasema, "mnasubiri picha ya tembo."

"Na alipofika tulimpigia makofi."

"Mlimpigia. Mimi nikiwa nawatoza kwa dakika."

Huyu mama nilikuwa nikidhani ana moyo wa chuma cha kubania karatasi. Labda si wote.

Machi 29
Mwanangu mkubwa kapiga simu, Jumapili kama ada. "Baba, umekula?" Nimekula. "Mvua je?" Inanyesha. "Haya baba, jitunze." Mazungumzo haya hata kasuku angeyamudu, tena angeongeza tusi moja la kunichangamsha.

Machi 30
Nimepeleka kadi ya mwisho, ile ya mlangoni: MIMI NA MAMA TUNAKUKARIBISHA. Ndivyo ulivyoandikwa ukurasa wa kwanza.

Mama Fotokopi aliishika muda mrefu. "Mzee wangu. Mama hayupo."

"Najua."

"Lakini hapa umeandika yupo."

"Ukurasa ni wa zamani. Zamani hiyo yupo."

Akailaza kadi kwenye skana, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Aprili 3
Hakuna mtu. Kitabu cha wageni ni cheupe kama pamba.

Aprili 5
Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mtaa wetu umekuwa mto. Kiatu cha jirani kimepita mlangoni kwangu kikielekea kusikojulikana. Sijaenda kona.

Aprili 8
Homa. Goti limevimba. Nimekunywa uji mezani kwangu, nimeupika mwenyewe, na nimejipa pole mwenyewe.

Aprili 13
Andikeni tarehe hii! Nimechechemea hadi kona, nikafungua ukurasa, na kidude kimepanda. Siku zote nilizolala sikufungua hata mara moja, lakini wageni kumi na tisa wameingia. Kumi na tisa, watu wazima wenye akili zao! Hakuna aliyeandika kitabuni, lakini mgeni mpya huona haya, kwanza huchungulia. Nadhani Bibi Kasuku ni mmojawapo. Anasitasita tu. Anauliza moyoni, ni yeye huyu, au mtu kaiba jina?

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi na goti bovu. Nimepika vya watu wawili, nikala vyote.

Aprili 15
Siku mbaya.

Nilifika nikiwa nimevimba kichwa kama chura wa masika. Nikamwambia Mama Fotokopi kwamba tuandike tangazo jipya, UKURASA UNAOPENDWA, maana takwimu haziongopi. Alikuwa ameinama anavuta karatasi iliyokwama kwenye mashine. Akaendelea kuivuta hata baada ya kutoka.

"Mzee, wale nilikuwa mimi."

"Wewe ndiye nani?"

"Wale kumi na tisa. Nilikuwa naufungua asubuhi nikifika, na jioni kabla ya kufunga, na mchana nikikumbuka. Nilifikiri ukirudi ukute..."

"Nikute nini?"

"Watu."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaweka humu, daftari halijanikosea. Wateja wawili walisimama na vitambulisho vyao mkononi wakisubiri kunakiliwa, wakiangalia sakafu. Nikatoka mvuani bila mwavuli, kwa makusudi, ili nionekane nimeonewa. Hakuna aliyekuwa anatazama.

Aprili 16
Sikwenda.

Aprili 17
Sikwenda. Ndoo imejaa mara mbili.

Aprili 18
Nimekaa nikahesabu sauti nilizosikia leo: mvua, redio ya jirani, na kikohozi changu. Nimekasirikia kitu gani hasa? Mtu mmoja katika mji mzima ameamka asubuhi, akakumbuka kugonga mlango wangu, na jioni akagonga tena, na mimi nimemfokea kwa sababu hakuwa mwingine. Mama angeniambia: wewe mzee, ukiletewa chakula unauliza sahani imetoka wapi.

Aprili 19
Amekuja mwenyewe. Matope hadi magotini, mwavuli umepinduka kama ua. Sikujua kama anapafahamu kwangu.

"Sijaja kuomba radhi," akasema mlangoni.

"Vizuri, maana zote nimeshazimaliza kujiombea mimi. Ingia."

Aliingia, akaitazama ndoo juu ya kitanda, hakuuliza. Akakaa kwenye kiti cha Mama, nami sikumzuia.

"Nimegundua kwa nini hawaji," akasema. "Jana nilijifanya mtu baki. Nikautafuta ukurasa wako kwenye mtandao kama ambavyo angeutafuta mgeni. Nikaandika Mzee Brashi. Hamna. Nikaandika vichekesho, nikaandika mchora vibao, nikaandika mpaka jina la mtaa. Hamna kitu. Halafu nikajipiga kofi. Mzee, maneno yako yote ni picha."

"Ni maneno. Nimeyachora mimi."

"Wewe na mimi tunaona maneno. Mashine ya kutafuta haioni picha, inasoma herufi zilizochapwa tu. Na kwako hakuna hata moja iliyochapwa. Kwake wewe ni ukuta mtupu."

Miaka yangu yote kazi ilikuwa moja, kumfanya mpita njia asome hata kama hakutaka. Na kibao changu cha mwisho, nilichokitia roho kuliko vyote, nimekitundika kikitazama ukutani.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Wewe ndiye mwalimu."

"Sikufikiria." Akafuta miwani yake kwa pindo la gauni. "Nilikuwa naangalia jinsi zinavyopendeza."

Basi tumekuwa vipofu wawili tunaosifiana macho. Nilimchemshia chai. Alisema haina sukari, nikamwambia nayo imechorwa tu, si ya kunywa. Alicheka mpaka akaikubali.

Aprili 27
Ninachapa. Kidole kimoja, kile cha brashi. Picha zinabaki juu, herufi za mashine zinakaa chini yake, ndogondogo, kama watoto waliosimama nyuma ya wazazi. Herufi R inajificha kila nikiitafuta, nadhani inanidharau.

Vichekesho vitatu vimenichukua siku tatu. Kimoja nilipokuwa nakichapa nimegundua hakichekeshi. Nimekiacha, ndivyo kilivyokuwa.

Leo nilifika kwenye kadi ya mlangoni. Kidole kikasimama. Mama Fotokopi aliniona lakini akajifanya anahesabu karatasi. Nilianza ukurasa huu ili nipate mtu wa kumwambia kwamba Mama amekufa. Sasa nimekaa nao mvua nzima, na nimeona kitu ambacho sikukipanga: kuna mahali pamoja duniani ambapo Mama bado yuko mlangoni anakaribisha watu, na mahali hapo nimepajenga mimi. Bibi Kasuku asipokuja, patabaki hivyo. Akija, itanibidi niseme.

Nikachapa: Mimi na Mama tunakukaribisha. Halafu sikutaka tena aje. Halafu nikataka.

Mei 2
MGENI! Wa kweli! Ameandika kitabuni! Anauza mafuta ya kuotesha nywele, na anasema ameupenda sana ukurasa wangu wa "biashara ya kisasa". Mama Fotokopi anasema huyo si mtu, ni mashine inayozurura ikibandika matangazo. Nimemjibu hata hivyo, kwa adabu zote: karibu sana, upara wangu hauna haraka, rudi tena.

Mei 3
Hakurudi.

Mei 10
Mvua zinapungua. Jumapili, mwanangu akauliza kama nimekula. Nikamwambia nina ukurasa kwenye mtandao. Akasema, "Vizuri baba." Nikamwambia una nyota na muziki. Akasema, "Vizuri." Nikamuuliza ataufungua? Akasema wiki hii ana mambo mengi. Si mtoto mbaya. Mambo mengi ni ugonjwa, humpata mtu yeyote.

Mei 14
Hakuna mtu. Nimepaka kibao cha Mama Fotokopi rangi ya pili. Aliniletea kiti nje akakaa akinionyesha nilipokosea. Hapakuwa na kosa.

Mei 20
Jua siku nzima. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mdomoni, Mama Fotokopi akaniita kutoka ndani. Hakuniita "Mzee" kwa sauti ya kawaida. Nikashuka.

Alikuwa amesimama pembeni ya kompyuta, hakutaka kukaa kwenye kiti changu. Kitabuni kulikuwa na haya:

"Nyuma ilikuwa kijani, Mzee Brashi. KIJANI. Zambarau umeitoa wapi, umezeeka hadi macho? Na hicho kichekesho cha pili hakikuchekesha wakati ule na sasa kimeoza kabisa. Nilidhani umekufa ukaondoka bila kuaga, nikakununia miaka. Leo nimekaa tu, nikaandika jina lako bila kutumaini, na picha ikaanza kushuka. Nilipofika kwenye masharubu nilikuwa nalia kama mjinga. Mama bado anakufunga drafti? Msalimie sana. Jirani yako wa kulia."

Nilisoma. Nikasoma tena. Zambarau ilikuwa zambarau, nitaapa popote, lakini kwa leo iwe kijani.

"Utamwambia?" akauliza Mama Fotokopi.

"Nikisema Mama hajambo, nitaletewa salamu zake kila wiki."

"Na atakayezipokea ni nani?"

Alinisogezea kiti.

Mei 21
Nimeamua. Naandika kwanza hapa, maana kidole kimoja hakitaki kukosea. Kesho nitayachapa kitabuni kama yalivyo.

Jirani yangu wa kulia,

Sijafa. Ningekufa ningekuaga, hata kwa kukuudhi tu. Zambarau tutaigombania tukipata nafasi.

Mama hanifungi drafti tena. Alifariki mwaka jana, asubuhi, baada ya kuniambia chai yangu ni maji ya mto. Hakuumwa sana. Nilikuwa nimeenda kumletea mandazi. Nilirudi nayo ya moto. Umeandikiwa mlangoni kwamba mimi na yeye tunakukaribisha. Si uongo wa kukudanganya wewe. Nilitaka tu ukifika ukute nyumba unayoijua. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuambiwa, na nilikutafuta msimu mzima ili nikuambie, na ulipokuja nikataka kukuficha. Yale madongo mazuri yote yalikuwa yake, ulibashiri sawasawa. Kuanzia sasa utapata yangu, uyavumilie.

Sasa nadai haki yangu. Kasuku wako alipokufa, uliniomba niendelee kumsalimia kila Jumamosi kama yupo, mpaka utakapozoea. Nilikucheka, nikasema mtu mzima mimi nitamsalimiaje ndege marehemu. Lakini nilimsalimia, wiki baada ya wiki, mpaka siku kurasa zetu zilipofutwa, na wewe hukuwahi kuniambia kwamba umezoea.

Naomba na wewe unifanyie hivyo. Ukiniandikia, mwishoni, umsalimie Mama. Mimi nitakujibu kwamba zimefika.